Betri Ndani ya Nyumba: Somo Tulilolipata kwa Zawadi Yetu Wenyewe



Sifa zote njema anazistahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, safu yetu ya wiki hii haitazungumzia ndoa wala mirathi, ingawa maswali yenu juu ya mambo hayo tunayo mezani na Insha Allah tutayarudia. Limetufika jambo ambalo sisi wa kamati ya msikiti tuna sehemu ndani yake, na tumeona si vyema kulinyamazia.

Katika mahafali ya madrasa yetu ya mwaka huu tuliwatunuku wanafunzi waliofanya vizuri. Baada ya kushauriana, tuliwanunulia tasbihi za kielektroniki, zile ndogo zivaliwazo kidoleni mfano wa pete, zenye kitufe cha kubonyeza na kioo kidogo kinachoonesha idadi. Bei yake ilikuwa nafuu, zilipatikana kwa rangi zote, na watoto walizifurahia mno. Sisi wenyewe ndio tuliozichagua, na risiti yake imo katika faili letu.

Wiki chache baadaye, binti mmoja aliyezawadiwa aliiacha tasbihi yake juu ya meza. Mdogo wake wa kiume, mwenye umri wa miaka mitatu, akaichukua, ikamponyoka, kifuniko cha nyuma kikafunguka na betri ikatoka. Mtoto akaitia puani. Hakuna aliyemwona. Siku ile alilialia tu, na pua ikachuruzika, watu wa nyumbani wakadhani ni mafua. Bibi yake, kwa huruma, akamtia matone ya mafuta ya nazi, kama wengi wetu tulivyotiwa utotoni. Siku ya pili kamasi zikawa nyeusi, zenye harufu mbaya, tena za upande mmoja tu wa pua. Hapo ndipo baba yake alipombeba kumpeleka hospitali. Picha ya eksirei ikaonesha kidude cha duara. Kilitolewa, alhamdulillahi, lakini kilikuwa kimekwisha kuunguza ukuta wa katikati ya pua, na hapo pamebaki tundu.

Tulikwenda kuwapa pole huku tukitarajia lawama. Mama wa mtoto alitutandikia mkeka, akatuletea maji, kisha akasema kwa upole: “Ustadhi, zawadi ilikuwa ya heri. Ila kile kifuniko chake hakikuhitaji hata bisibisi. Ukucha wangu tu ulikifungua.” Bibi alikuwa ameketi pembeni. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatuuliza swali moja: je, ni mafuta yake ndiyo yaliyomuumiza mjukuu? Siku ile hatukuwa na jibu. Tukaenda kuuliza kwa wajuzi na kusoma, na makala haya ni jibu tulilompelekea, pamoja na mengine tuliyojifunza njiani ambayo kila nyumba inayahitaji.

Jinsi betri inavyounguza

Wengi wetu tulidhani kwamba betri humdhuru mtoto pale tu inapopasuka na kumwaga kilicho ndani. Sivyo. Betri nzima, isiyo na ufa wowote, huunguza. Inapokaa mahali penye unyevu, kama puani, sikioni au kooni, nyama laini ya mwili huunganisha pande zake mbili, chanya na hasi, na umeme ukaanza kupita. Umeme huo huyageuza maji ya mwili yaliyo upande wa hasi kuwa kitu kikali cha jamii ya magadi, chenye uwezo wa kuyeyusha nyama. Mama anayepikia mboga maji ya majivu anaijua jamii hiyo, maana ameuona ule utelezi unaobaki vidoleni mfano wa sabuni. Basi auzidishe ukali huo mara nyingi sana, kisha auweke ndani ya pua ya mtoto kwa siku mbili.

Kwa hiyo, bibi yetu, si mafuta yaliyomuunguza mjukuu wako. Iliyomuunguza ni betri, na betri ile ilifika nyumbani kwako kwa mikono yetu. Hata hivyo madaktari wanaonya kwamba pua au sikio linaloshukiwa kuwa na betri lisitiwe matone ya aina yoyote. Maji na dawa za matone huusaidia umeme kupita na kuzidisha madhara, na kila tiba ya nyumbani hula muda ambao mtoto hana. Pua inayotoa uchafu upande mmoja tu, tena wenye harufu, kwa mtoto mdogo si mafua mpaka daktari aseme ni mafua.

Mtoto akimeza

Betri ya tasbihi yetu ilikuwa ndogo kama punje ya hindi. Iliyo hatari zaidi ni ile bapa na pana ya lithiamu, yenye volti 3, ambayo mara nyingi huandikwa CR2032. Namba hizo zina maana yake: 20 ni upana wake kwa milimita, na 32 ni unene wa milimita 3.2. Ni ndogo kidogo kuliko sarafu ya shilingi 100. Hukaa katika rimoti za gari, mizani za jikoni, mishumaa ya bandia na vitu vya kuchezea vinavyowaka taa, ambavyo huuzwa kwa wingi siku za Idi.

Betri hiyo ikikwama katika umio wa mtoto, yaani njia ya chakula, inaweza kusababisha jeraha kubwa ndani ya saa 2. Jeraha huweza kuendelea kuchimba hata baada ya betri kutolewa, na likiufikia mshipa mkubwa wa damu, mauti huwa karibu. Wala mtu asijipe moyo kwamba betri ilikuwa imekwisha. Betri isiyoweza tena kuwasha rimoti bado ina nguvu ya kutosha kuunguza umio. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria inayotaka sehemu ya betri katika bidhaa za namna hii ifungwe kwa njia ambayo mtoto hawezi kuifungua, baada ya mtoto wa miezi 18 kufariki kwa kumeza betri ya rimoti.

Dalili zake ni kukohoa, kutokwa na mate mengi, kukataa chakula, kutapika, maumivu ya kifua, kupumua kwa sauti ya kukoroma, na katika hali mbaya kutapika damu. Wapo watoto wasioonesha dalili yoyote mwanzoni. Kwa hiyo mzazi akikuta kifaa kimefunguka na betri haionekani, na mtoto mdogo alikuwa hapo, asingojee dalili. Afanye haya:

Kwanza, mtoto apelekwe mara moja hospitali yenye eksirei. Kwa walio mjini, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro iko karibu. Kwa ndugu zetu wa Kinole, Mkuyuni, Matombo au Kolero, safari ni ndefu, na ndiyo maana isianze kesho. Zahanati isiyo na eksirei haiwezi kuthibitisha wala kuondoa shaka. Kumtoa mtoto betri kooni huhitaji vifaa maalumu, na huenda akapewa rufaa ya kwenda Muhimbili, mwendo wa takribani kilometa 190. Kila saa iliyopotea nyumbani hupunguza muda huo wote.

Pili, mwambie daktari waziwazi: “Huenda ni betri.” Katika eksirei betri hufanana na sarafu, na tofauti yake ni mzingo wa pili unaoonekana ukingoni. Mwenye kuambiwa mapema huutafuta. Kama pakiti au betri nyingine ya aina ile ipo, iende nayo.

Tatu, mtoto asitapishwe, wala asilishwe tonge la ugali au ndizi ili kuisukuma. Tunajua ndivyo tunavyoufanyia mwiba wa samaki. Betri si mwiba. Asipewe pia maziwa wala maji.

Nne, kuhusu asali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ukiwahusisha madaktari wa Hospitali ya Watoto ya Philadelphia nchini Marekani, ulionesha kwamba asali hupunguza kasi ya kuungua kwa kuwa huizunguka betri na kupooza ule ukali wa magadi. Tangu hapo wataalamu wa sumu wa huko wanashauri kwamba mtoto aliyetimiza mwaka mmoja, anayeweza kumeza, ambaye hazijapita saa 12 tangu ameze betri ya lithiamu, apewe vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika 10, visizidi awamu sita, akiwa njiani kuelekea hospitali. Tunasisitiza: akiwa njiani. Sisi Waislamu tunaipenda asali na tunaamini ndani yake mna shifaa. Hapa kazi yake ni kununua muda tu. Haiitoi betri, na mwenye kukaa nyumbani akimpa mtoto asali amempotezea muda uleule alioununua. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwa kuwa asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyomdhuru mtoto wa umri huo.

Zitambue betri zako

Baada ya tukio lile tuliwaomba wanakamati kila mmoja ahesabu betri zilizomo nyumbani kwake. Tulistaajabu. Rimoti, saa ya ukutani, tochi ya kuendea Alfajiri, redio ya babu, kipimajoto, kikokotoo cha dukani, saa ya mkononi. Msikitini nako kuna kipaza sauti kisicho na waya na saa za nyakati za swala.

Zinazouzwa zaidi madukani kwetu ni za namna mbili, na watu huzichanganya kwa sababu umbo ni moja. Ya kwanza ni betri ya kawaida ya zinki na kaboni, iliyo nafuu, ambayo kopo lake lenyewe ni la zinki. Hiyo ndiyo iliyozoeleka tangu zama za betri za National zilizotengenezwa na kiwanda cha Matsushita jijini Dar es Salaam. Ya pili ni ya alkalaini, iliyo ghali zaidi na inayodumu muda mrefu, ambayo ndani yake mna haidroksidi ya potasiamu, dawa kali ya jamii ile ile ya magadi. Kuzitofautisha si lazima kumwamini muuzaji. Soma ubavuni: betri ndogo ya rimoti iliyoandikwa LR6 ni ya alkalaini, na iliyoandikwa R6 bila ya L mbele yake ni ya kawaida. Kwa betri kubwa za tochi ni hivyo hivyo, LR20 na R20. Vidude vidogo kama LR44 navyo ni vya alkalaini, ilhali CR ni lithiamu.

Faida ya kujua haya ni kwamba aina mbili hazikai pamoja katika kifaa kimoja, wala mpya haichanganywi na iliyochoka. Yenye nguvu huilazimisha dhaifu ifanye kazi kupita uwezo wake, na dhaifu huvuja. Zibadilishwe zote kwa pamoja, na alama za kujumlisha na kutoa zifuatwe. Kifaa kisichotumika kwa miezi, kitolewe betri.

Betri inapovuja

Hili nalo lilitupata msikitini. Ijumaa moja, khatibu akikaribia kupanda mimbari, kipaza sauti kilikataa. Tulipokifungua tukakuta unga mweupe umeganda kwenye chemchemi za betri. Mwadhini wetu akaukwangua kwa ukucha, kisha kwa kughafilika akajifuta jicho. Alisali Ijumaa ile jicho likiwa jekundu kama ua la mkrismasi, na akakaa siku kadhaa bila ya kusoma vizuri.

Ule unga mweupe ni ile dawa ya alkalaini iliyotoka na kukutana na hewa. Usishikwe kwa mkono mtupu. Vaa glavu, au jifunge mfuko wa plastiki mkononi, toa betri na uzitie katika mfuko mwingine. Kisha chovya kitambaa au pamba katika siki au maji ya ndimu, kidogo tu, ufute sehemu iliyoganda. Utaona povu, nayo ni dalili kwamba ukali unapoozwa. Malizia kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha kikauke kabisa, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Siki na ndimu ni kwa kifaa, si kwa mwili. Dawa ikigusa ngozi, ioshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, na uvue nguo iliyolowa. Ikiingia jichoni, fungua kope na umimine maji safi taratibu kwa dakika 20 bila ya kukatiza, ndipo uende hospitali. Kopo la udhu linatosha kuanzia. Usitie maziwa, mafuta wala dawa ya macho iliyobaki ya mwaka jana.

Mazoea tunayopaswa kuyaacha

Yapo mambo tuliyorithi kutoka siku za uhaba wa betri, na hatumlaumu aliyetufundisha. Tunasema tu kwamba yameshajulikana madhara yake.

La kwanza ni kuzianika juani au kuzipasha jikoni ili zipate nguvu. Ni kweli kwamba joto huamsha betri kwa muda mfupi, na redio itasema mpaka taarifa ya habari iishe. Lakini joto hilo hilo huongeza mgandamizo ndani na kuharakisha kuvuja. La pili ni kuzing'ata au kuzitoboa. Anayeng'ata betri anaweka meno yake juu ya kopo lenye dawa kali, na watoto wanamtazama. La tatu ni kuzitupa motoni pamoja na takataka za ua. Betri iliyofungwa ikipata moto hupasuka kwa kishindo na kurusha dawa yake, na wanaozunguka moto wa takataka mara nyingi ni watoto. La nne ni kuchaji betri zisizo za kuchaji. Ikiwa haikuandikwa kwamba inachajiwa, basi haichajiwi.

La tano latuhusu zaidi sisi watu wa madrasa. Katika madrasa nyingi za vijijini, na shule pia, ubao hupakwa weusi kwa unga wa betri zilizokwisha uliochanganywa na majani mabichi yaliyopondwa. Nasi tumesomea mbao hizo, na tumetumwa kuvunja betri kwa jiwe tukishindana nani atapata kijiti cha kaboni kilicho kizima. Unga ule mweusi una manganizi. Tangu mwaka 1837 daktari James Couper wa Glasgow, Uskoti, aliandika juu ya wafanyakazi waliosaga manganizi wakapatwa na udhaifu wa miguu na mwendo wa kuyumba. Wale waliuvuta vumbi wake kila siku kazini, na hatusemi kwamba ubao mmoja humfanyia mtoto hivyo. Tunasema kwamba mtoto hana sababu ya kuponda betri na kuvuta vumbi lake ilhali mkaa wa kawaida uliosagwa hutoa weusi ule ule, na kopo moja la rangi ya ubao hudumu muda mrefu.

Zinakwenda wapi zikishakwisha?

Swali hili ni zito kwetu tunaoishi chini ya Milima ya Uluguru kuliko kwa wengine. Mwaka 1973 takribani watu milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio kusikiliza masomo ya kampeni ya Mtu ni Afya, na moja ya matunda yake ilikuwa ni uchimbaji wa vyoo. Redio za vijijini ziliendeshwa kwa betri. Leo nyumba nyingi zikimaliza betri huzitupa humo humo chooni, kwa nia njema ya kuziweka mbali na watoto, au huzitupa shambani na bondeni.

Upande wa mashariki wa milima yetu hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua hiyo ndiyo inayoujaza mto Ruvu, ambao maji yake husafishwa Ruvu Juu na Ruvu Chini na kunywewa na wakazi wa Dar es Salaam na Pwani. Vijito vya upande wetu hushuka Ngerengere hadi Bwawa la Mindu, yanakochotwa maji ya mji wa Morogoro. Katika ardhi yenye unyevu namna hii kopo la zinki halidumu. Huliwa na kutu na kilichomo hutoka.

Hatutaki kutia chumvi. Betri moja haiharibu mto, na viwanda vikubwa viliacha kutia zebaki katika betri za alkalaini tangu miaka ya 1990. Lakini betri hazitupwi moja. Nyumba hii mbili, ile nne, kila mwezi, katika mteremko ambao kila kilicho juu yake hatimaye huwafikia walio chini. Tumefundishwa kwamba kumwondolea mpita njia kitu cha kumuudhi ni sehemu ya imani. Basi anayekunywa maji ya kijito naye ana haki yake kwa aliye juu ya kijito.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za taka hatarishi za mwaka 2021, zinataka taka za namna hii zikusanywe na wenye kibali. Kwa nyumba moja moja hilo ni gumu. Mtu hawezi kupanda gari kutoka Tegetero kwa ajili ya betri mbili. Kwa jamaa nzima inawezekana. Nyumbani, tenga kopo la plastiki lenye mfuniko, kavu, lililo juu pasipofikiwa na mtoto. Betri vidude na zile za pembe nne za volti 9 zibandikwe utepe wa gundi kwenye ncha zake kabla ya kuwekwa, kwani zikigusana na misumari, sarafu au betri nyingine huweza kupata moto na kuwasha moto. Betri mpya nazo zisikae chungu kimoja na funguo na chenji.

Tuliyoyaamua

Kamati imekaa na kukubaliana mambo manne, nasi tunayatangaza hapa ili mtuulize msipoyaona.

Tasbihi zote za kielektroniki tulizogawa zinarudishwa, na kila mtoto anapewa tasbihi ya shanga badala yake. Vidole navyo Allah ametupa kwa kazi hiyo, na kuhesabia vidole ni katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.). Mpaka tunaandika, tasbihi tatu hazijarejea. Tunawaomba wazazi wa watoto hao wasione haya kwamba imepotea au imeharibika. Iliyopotea ndani ya nyumba ndiyo inayotutia hofu zaidi. Itafuteni chini ya vitanda na makochi, mtuambie.

Ndoo yenye mfuniko imewekwa ndani ya ofisi ya msikiti, si uani, na ufunguo uko kwa katibu. Leteni betri zilizokwisha kila Ijumaa. Ikijaa, tutaikabidhi kwa mkusanyaji mwenye kibali kwa kupitia afisa mazingira wa manispaa, na risiti ya makabidhiano itabandikwa ubaoni.

Ubao wa madrasa utapakwa rangi ya dukani, na hakuna mwanafunzi atakayetumwa kuvunja betri.

Gharama za matibabu ya mtoto yule wamezichanga wanakamati kutoka mifukoni mwao. Fedha za waqfu zina masharti yake, na kosa la uteuzi wa zawadi lilikuwa letu. Daktari amesema tundu la pua litahitaji kuangaliwa tena mtoto akikua, nasi tumeahidi kuwa pamoja na wazazi wake siku hiyo, Insha Allah, hata kama kamati itakuwa imebadilika. Ahadi hiyo imeandikwa katika kumbukumbu za kikao.

Tumemsomea bibi maelezo haya nyumbani kwake kabla ya kuyaleta gazetini. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwita mjukuu, akamfuta pua kwa upande wa khanga yake. Kisha akatutaka tuandike pia kwamba kila mwenye mjukuu aangalie leo hii nyuma ya rimoti yake kama kifuniko kipo au kimefungwa kwa mpira. Tumeandika, bibi.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuhifadhie watoto wetu, atusamehe tulipoghafilika, na atujaalie kuwa waangalifu wa amana zake.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.